Siku Tuliyompeleka Kukhu Mjini

Kuna harufu inayotoka kwenye hotpoti ambamo chapati zimefunikwa tangu asubuhi. Haifanani na ile ya chapati inayotoka kwenye kikaango na kumfanya mtu ameze mate. Hii ni harufu ya mvuke uliokwama, ya unga uliolowa na mafuta yaliyopoa. Wengi hawaipendi. Juzi mwenzangu kazini alifungua chakula chake cha mchana karibu nami, harufu hiyo ikanifikia, na mara nikawa nimeketi kwenye nyasi katikati ya jiji la Washington, nina miaka tisa, nimevaa viatu vya kanisani vinavyonibana, namchunga mama yangu asisinzie.

Tuliishi Lanham, upande wa Maryland, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazama maegesho ya magari. Ukimwambia mtu wa nyumbani Kenya kwamba unaishi Lanham, simu hunyamaza kidogo. Kwa hiyo mama alikuwa akisema anaishi Washington, na hakuwa anadanganya sana. Treni ingetufikisha mjini haraka kuliko basi lilivyomfikisha yeye kazini. Lakini mjini hatukwenda. Watu walisafiri kutoka Brazili na Uchina kuja kuiona ile minara na majengo meupe, na sisi tuliyaona kwenye kalenda ya ukutani jikoni, juu ya jiko, ambako mvuke ulikuwa umeyakunja pembe. Sisi tulikuwa watu wa dukani, kanisani, kwa dobi na kazini.

Mama alikuwa akiwatunza wazee. Usiku alifanya kazi katika makao yao, akiwageuza kitandani, akiwabadilisha shuka, akiwapelekea maji. Baadhi ya siku, akitoka huko, alipitia kwa ajuza mmoja aliyeishi peke yake, akamwogesha na kumpikia uji wa shayiri. Baba aliendesha malori ya masafa marefu, na miaka ile tulimjua zaidi kwa sauti yake ya simu kuliko kwa uso. Mimi na mdogo wangu Simiyu, aliyekuwa na miaka mitatu, tulilala ng'ambo ya korido kwa Mama Furaha, Mkongomani kutoka Bukavu, ambaye alikuwa na watoto wake wanne na bado alitupokea kila jioni kana kwamba tulikuwa tumechelewa. Huo ndio mpango uliotuweka pamoja. Ulikuwa mpango wa mtu mmoja, na mtu huyo akahama.

Nakumbuka Mama Furaha alivyokuja kutuambia. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa, akasema anakwenda Ohio. "Bandugu yangu bote beko kule, mama," alimwambia mama yangu. "Hapa niko nafanya nini peke yangu?" Mama akampongeza. Akamshika mikono yote miwili, akasema Mungu awatangulie, kisha akafunga mlango na kuegemea hapo kwa muda mrefu.

Nyinyi mliokulia huku mnajua kilichofuata, maana kilitokea katika nyumba nyingi za watu wetu. Kila mwaka kanisani kwetu kulikuwa na mtoto mmoja mdogo aliyeacha kuonekana. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Alikuwa amepelekwa nyumbani, kwa bibi na babu, alelewe mpaka afikie umri wa kuanza shule ya bure huku. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata mimi niliielewa. Simiyu akiwa hayupo, mama angehamia zamu ya mchana, nami ningekuwa shuleni wakati huo huo. Simiyu akiwepo, mshahara wa mchana wote ungeishia kwa watu wa kumtazama. Watoto waliopelekwa walirudi baadaye wakiwa na adabu nzuri na meno mapya, wakiwatazama mama zao kama walimu wa shule ngeni.

Ndivyo Kukhu alivyokuja. Kukhu ndilo neno letu Wabukusu la bibi, na huyu alikuwa mama yake mama, mwanamke mrefu wa Kimilili mwenye magoti mabovu na macho ambayo hayakuharakisha. Alishuka uwanja wa ndege na sanduku lenye majani ya chai, njugu, na sweta ndogo ya kijani aliyoifuma mwenyewe, ya kumkinga mtoto na baridi ya asubuhi ya kwetu. Aliipima kwenye mgongo wa Simiyu usiku ule ule. Ilimtosha, na mikono ilikuwa imeachiwa nafasi ya kukua. Mama aliitazama, akaikunja, akaiweka kwenye rafu ya juu kabisa ya kabati.

Walizungumza Kibukusu walipotaka tusielewe. Lakini walipobishana walisahau, Kiswahili kikaingia, nami nikiwa nimelala kwenye kochi nilipata karibu yote. Kukhu alisema amekuja kumchukua mtoto na hakuna aibu ndani yake, kwamba hata yeye mwenyewe alilelewa na shangazi. Mama alisema hajakubali. Alisema watu wa nyumbani wanafikiri huku tunateseka, na kwamba si kweli.

"Mayi, ona kwanza vile tunaishi," alisema mama, akimwita mama yake kwa Kibukusu.

"Basi nionyeshe," alisema Kukhu.

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Nadhani Kukhu alitaka kuonyeshwa hasa: saa mama anazoamka, mahali Simiyu anapolala, kilichomo kwenye friji. Lakini mama alilelewa katika nyumba ambako mgeni huingizwa sebuleni, akapewa kikombe kizuri, na haonyeshwi jiko. Na sisi sebule hatukuwa nayo ya kuonyesha. Kochi lenyewe lilikuwa kitanda changu. Kwa hiyo aliamua kumwonyesha mama yake Washington. Ili athibitishe tunavyoishi, alitupeleka mahali ambapo hatukuishi.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi ya majira ya joto. Mama alirudi kutoka zamu ya usiku, akavua yunifomu, akaoga, na badala ya kulala akaanza kukanda unga. Nilipoamka meza ilikuwa imejaa chapati, kuku wa kukaanga, na majani ya mboga iitwayo kale, yaliyokatwakatwa kama sukuma wiki. Alijaza hotpoti kubwa, akajaza chupa ya chai ya maziwa, akafunga vyote kwenye mfuko wa magurudumu tuliokuwa tukipelekea nguo kwa dobi. Kisha akaniita bafuni na kufunga mlango.

"Leo hakuna mtu wa kusema amechoka," alisema. "Umenisikia, Nekesa? Wewe ndiye mkubwa."

Nilimuuliza, kwa Kiingereza, maana ndivyo nilivyojibu kila kitu wakati huo, itakuwaje Simiyu akilia.

"Mpe biskuti."

Hapo nikaelewa mpango wote, au nilidhani nimeuelewa. Siku ikienda vizuri, Kukhu akifurahi, Simiyu anabaki. Siku ikiharibika, anakwenda. Nilitoka bafuni nikiwa na kazi. Mfuko mmoja wa gauni langu niliujaza biskuti. Kazi kubwa zaidi, ingawa mama hakuitaja, ilikuwa yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeyaona macho yake kwenye kioo.

Kwenye treni viti vilikuwa vitupu, lakini mama hakukaa. Alishika nguzo, akasema anataka kuona nje. Tukiwa bado juu ya ardhi hilo lilikuwa na maana. Tulipoingia chini ya ardhi, nje kulikuwa na ukuta mweusi tu, naye aliendelea kuutazama kwa makini. Kukhu, aliyevaa suti yake ya kanisani ya rangi ya zambarau na kitambaa kichwani, alikuwa ameketi na mkoba magotini, akimtazama binti yake badala ya ukuta.

Tulitokea karibu na lile jengo kubwa lenye kuba nyeupe. Nitasema ukweli, lilipendeza. Jua lilikuwa limelipiga upande mmoja na nyasi zilikuwa bado na umande. Mama alinyoosha mkono kama mwenye mji, akatangaza kwamba hapo ndipo anapokaa Rais.

Mimi nilijua si kweli. Darasani kwetu tulikuwa tumepaka rangi picha za majengo yote mawili. Rais hukaa kwingine, na hapa ndipo wanapokaa watunga sheria. Nilifungua mdomo, nikakumbuka kazi yangu, nikaufunga.

"Yuko?" aliuliza Kukhu.

"Yuko, lakini ana wageni."

Kukhu aliridhika. Alisema hata chifu wa kwao huwa na wageni Jumamosi. Akaweka sawa kitambaa chake, akamvuta Simiyu mbele yake, na mama akawapiga picha kwa kamera aliyoazima kazini. Picha hiyo ilining'inia kwenye sebule ya Kimilili kwa miaka mingi, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa kwamba hapo ni nyumbani kwa Rais wa Amerika. Mpaka leo sijamsahihisha mtu.

Kutoka hapo tulitembea. Wageni wa mji huu hawaambiwi mapema kwamba vitu vimewekwa mbali mbali, na nyasi katikati hazina kivuli. Mama alitutangulia akiburuta mfuko wa dobi, magurudumu yakiparuza changarawe, akitaja kila jengo jina, mengine ya kweli na mengine ya kubuni. Nilijua alikuwa anabuni kwa sababu hakuwahi kufika. Tulikuwa tumeishi karibu na jiji hilo maisha yangu yote, na siku hiyo sote wanne tulikuwa watalii.

"Nafula, unatembea kama mtu anayekimbia mvua," Kukhu alimwambia mama.

"Kuna mengi ya kuona, Mayi."

"Yatahama?"

Simiyu alianza kulegea miguu. Nilimpa biskuti. Akala, akaketi chini. Kukhu akainama na kufungua mikono yake, akasema mtoto aletwe ambebe. Mama alimnyakua kabla hajamgusa, akamweka mgongoni, akamfunga leso, akasema si mzito. Alikuwa mzito. Alikuwa mtoto mnene, na mama alikuwa amesimama kwa miguu yake tangu jioni ya jana. Lakini hata mimi niliona kwamba Kukhu akimbeba Simiyu mbele ya watu wote wale, jambo la kumchukua litakuwa limeshaanza kuamuliwa. Kwa hiyo mama akaendelea mbele, mtoto mgongoni na mfuko nyuma, na Kukhu akafuata mikono mitupu, kitu ambacho sidhani kama alikizoea.

Mlangoni mwa jumba la makumbusho kulikuwa na askari na meza ya kukagulia mifuko. Askari alifungua hotpoti, mvuke ukampanda usoni, akafunga taratibu. Alisema kwa heshima kwamba chakula cha namna hiyo hakiwezi kuingia. Mama alimtafsiria Kukhu.

"Nyumba kubwa namna hii," alisema Kukhu, "na mgeni anakatazwa chakula mlangoni?"

Mama alimweleza kwamba ndani kuna vitu vya zamani sana, vinaweza kuharibika. Kukhu akasema hata yeye ni wa zamani, na anaweza kuharibika akikosa kula.

Basi tulirudi kwenye nyasi, tukatandika shuka, na mama akafungua hotpoti. Ndipo harufu ile ilipotoka, ile niliyoanza nayo. Watu waliopita walitutazama. Baba mmoja mwenye kofia ya majani aliwasimamisha wanawe kidogo, kana kwamba sisi pia tulikuwa kwenye ratiba yake. Mama alipiga magoti na kumpakulia kila mmoja, akamimina chai, akatafuta chumvi, akampangusa Simiyu, akamimina chai tena. Sahani yake ikabaki tupu. Kukhu alimwambia ale. Alisema ameshiba, alionja onja wakati wa kupika. Nilijua sababu. Akikaa na kula, akili ingezimika. Kila alipotulia kwa muda kope zake zilishuka, nami nilimgusa mguu kwa kidole cha kiatu changu, na kope zikapanda. Tuliendelea hivyo mpaka kuku akaisha. Nilijiona hodari sana.

Ndani ya jumba, kitu cha kwanza kilikuwa ndovu. Amesimama pale katikati ya ukumbi, mkonga juu, mkubwa kuliko gari la shule. Kukhu alisimama akamtazama kuanzia miguuni.

"Nimepanda ndege mbili," alisema, "kuja kuonyeshwa ndovu wa kwetu."

Mama alicheka, na kicheko kile kikageuka kupiga miayo, na miayo akaifanya kikohozi. Nikajitokeza haraka. Nilikuwa na Kiswahili kidogo cha kusikia, ambacho sikuwa nakitumia, lakini siku hiyo nilikitoa chote. Nikamuuliza Kukhu kama yeye penda ndovu.

"Namheshimu," alisema. "Alikula mahindi ya babu yako, na hakuna aliyemdai."

Alinishika mkono tulipozunguka. Aliuliza habari za kila mnyama, nami nilimsomea vibao na kuvitafsiri vibaya, na wakati wote huo nilimtafuta mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameegemea kioo cha simba. Alikuwa ameegemea kioo cha samaki. Katika chumba cha mawe ya thamani, penye giza zuri na taa ndogo ndogo, alisimama kabisa katikati bila kuegemea kitu, akiyumba kidogo kama mtu aliye kwenye basi. Kukhu naye aliacha kuuliza habari za mawe.

Ilikuwa alasiri tulipofika kwenye lile jengo lenye nguzo ambamo rais wa zamani amekaa kitini, mkubwa, wa jiwe jeupe. Mama ndiye aliyesisitiza twende. Njia ni ndefu, kando ya bwawa jembamba ambalo mnara huonekana ndani yake kichwa chini. Kukhu alipanda ngazi akishika goti kwa mkono, akikataa kusaidiwa. Huko juu alimtazama yule mtu wa jiwe kwa muda mrefu. Nilimweleza, kwa vipande, kwamba aliwatoa watu utumwani. Kukhu aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akasema yule mtu ana viatu vizuri, na kwamba mtu aliyefanya kazi kubwa namna hiyo wamefanya vizuri kumpa kiti.

Tuliposhuka, mama alisema bado kuna nyumba ya Rais. Ile ya asubuhi ni moja tu, alisema, Rais ana nyumba mbili. Kulikuwa na benchi chini ya miti, karibu na maji. Alisema atakaa kidogo tu afunge kamba ya kiatu. Alimshusha Simiyu, akampakata, Kukhu akakaa upande wa pili. Mama akainama kwenye kiatu.

Hakuinuka. Mkono uliacha kamba, kichwa kikaja polepole upande wa kushoto, kikapata bega la Kukhu, kikatulia hapo. Simiyu alianza kuteleza magotini pake. Kukhu, bila kumtikisa binti yake, alinyoosha mkono mmoja, akamchukua, akamweka kwenye paja lake. Ikawa hivyo tu. Kutwa nzima mama alikuwa amezuia jambo hilo, likaja kutokea kimya kimya, na mtoto hakulia hata kidogo.

Nilimshika mama mkono nikamtikisa. Nikamwita. Nikatikisa kwa nguvu zaidi.

"Mwache," alisema Kukhu.

Nilikuwa karibu kulia. Nikatafuta Kiswahili, nikasema, "Yeye si choka, Kukhu."

"Najua," alisema. "Mwache alale. Leo mimi niko."

Nilisimama mbele yao nisijue la kufanya. Kikundi cha watoto wenye fulana za njano kilipita kikiimba. Ndege za abiria zilishuka juu yetu kuelekea uwanjani ng'ambo ya mto, moja baada ya nyingine, chini kiasi cha kuhesabu magurudumu. Gari la polisi lilipiga king'ora. Mama hakustuka. Nyumbani alilala na simu karibu na shavu, na ungemwita jina angejibu kabla hujamaliza. Hapo alilala mdomo wazi, mikono imeachia, kiatu kimoja hakijafungwa, mbele ya dunia nzima iliyokuja kupiga picha. Nilimwonea aibu. Nilimkasirikia pia, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi yangu yote na yeye hakufanya yake.

Kukhu alichukua leso iliyombeba Simiyu akamfunika miguu. Kivuli kikasogea, yeye akasogeza mkoba wake kumzibia jua la usoni. Bega lake lazima lilikufa ganzi. Alikaa wima vile vile, mjukuu pajani na binti begani, akiyatazama maji. Kama kuna kitu alikiona kweli katika jiji hilo, nadhani ni bwawa lile.

Mama alipoamka jua lilikuwa limeinamia mto. Hakuruka. Alifumbua macho, akamwona Simiyu alipo, akapangusa mdomo.

"Nimewaaibisha," alisema.

"Mbele ya nani?" aliuliza Kukhu.

 Mama aliinama akamalizia kufunga kiatu, polepole, fundo moja halafu la pili. Uso wake ulikuwa bado umeelekea chini aliposema, kwa sauti ambayo karibu nisiisikie, "Mchukue, Mayi."

Kukhu alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Nyumba ya Rais ya pili hatukuiona. Kukhu alisema ile ya asubuhi inatosha.

Simiyu aliondoka mwisho wa mwezi huo. Uwanja wa ndege ulikuwa na baridi ya mashine, kwa hiyo alivalishwa sweta ya kijani, na alifurahi sana kuhusu ndege mpaka alipogundua kwamba sisi hatupandi. Mama alihamia zamu ya mchana. Jioni tulikula pamoja, yeye na mimi, na alinisaidia hesabu, na kila kitu kilikuwa kama kilivyokusudiwa. Chumba kilikuwa na nafasi. Nilihamishwa kutoka kwenye kochi hadi kitanda alicholala Simiyu. Kwa muda mrefu sikuweza kulala kwenye kitanda hicho bila kuacha upande mmoja wazi.

Miaka ile yote niliamini kwamba tulimpoteza kwenye benchi. Sikuwahi kumwambia mama, lakini nilifikiri angeweza kuvumilia kidogo tu zaidi. Tungeona nyumba moja zaidi, tungepanda treni, Kukhu angesema tunaishi vizuri, na mambo yangekuwa mengine. Simiyu alirudi akiwa na umri wa shule. Alimsalimu mama kwa mkono, akasimama karibu na kochi akisubiri kuambiwa akae. Mama alimwambia akae, kisha akaenda jikoni na kufungua bomba la maji. Siku hizi Simiyu anaishi Germantown, ana mke na kelele zake, na hukisimulia kisa hicho kama kichekesho. Mama hucheka pia, baada ya wengine.

Kukhu alifariki nikiwa mtu mzima, nimeshaanza kazi Arlington. Mama alinipigia simu mchana. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa kilio, maana kwetu msiba una sauti. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda chake, ameshavua viatu, mikono magotini. Alikuwa bado anawatunza wazee, na bado mgongo ulimuuma. Nilikaa karibu naye. Hakulia. Alikuwa anafikiri jambo, akaligeuza geuza, kama mtu anayetafuta alikoweka funguo.

"Sasa mimi nitalala kwa nani?" aliniuliza.

 Nilimwona tena jinsi alivyokuwa kwenye benchi, mdomo wazi, kiatu wazi, ndege zikipita juu yake. Niliyemwona siku ile alikuwa mama yangu, na kazi ya mama ni kukaa macho. Sikuwa na mahali pa kuweka wazo kwamba alikuwa pia mtoto wa mtu, aliyekuwa amekaa macho tangu aondoke Kimilili, usiku akiwalinda wazee wa watu na mchana akitulinda sisi, mpaka mtu mmoja akapanda ndege mbili na kuketi upande wake wa kushoto. Usingizi ule wa aibu, niliotaka kumnyang'anya kwa mikono yangu, hakuupata tena mahali popote ninapopajua. Kwa sehemu ya alasiri moja, katikati ya jiji lililojaa wageni, mama yangu alikuwa kwao.